Marc Miller na Mchezo wa Safari za Nyota

Historia ya fasihi aghalabu huandikwa kutokana na vitabu vilivyokusudiwa kusomwa. Tenzi, riwaya, tamthilia na insha ndizo mali zake, na mwenye kuichunguza huanza nazo akakoma nazo. Walakini viko vitabu vya namna nyingine, visivyokuwa na hadithi ndani yake, ambavyo vimezaa hadithi nyingi kuliko vile vyenye hadithi. Navyo ni vitabu vya kanuni za michezo. Msomaji akivifungua hakuti shujaa wala kisa. Hukuta majedwali, hesabu na amri fupi fupi. Lakini akiketi mezani na wenziwe watatu au wanne, kisa huanza kutoka vinywani mwao, na hapana mmoja wao ajuaye mwisho wake.

Makala haya yanafuata njia ya mtu mmoja aliyetunga kitabu cha aina hiyo: Marc Miller wa Marekani, ambaye mwaka 1977 alitoa mchezo uitwao Traveller, yaani Msafiri. Mchezo huo ni miongoni mwa ile ya kwanza iliyompeleka mchezaji kwenye nyota, na umekuwa na umri mrefu kupita karibu yote iliyotangulia pamoja nao. Lakini si umri wake tu ulionivuta. Njia ya Miller yaonyesha jambo ambalo wanafunzi wa utunzi husahau upesi, kwamba ubunifu hauko katika kuruhusu kila kitu kitokee, bali katika kuchagua nini kisiwezekane.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe ni wa jinsi gani, kwa kuwa wengi wetu tumezoea bao, karata na sataranji, ambamo mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Katika mchezo huu hapana mshindi. Mtu mmoja huwa msimamizi: yeye huijua ramani, hueleza mahali na hali, na husema kwa vinywa vya watu wote wanaokutwa njiani. Kila mmoja wa waliosalia hujivika nafsi ya mtu mmoja wa kubuni, akasema atakalo kufanya. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa, na kanuni husema kama limefaulu. Hivyo kazi ya mtunzi wa mchezo si kutunga kisa, bali kutunga ulimwengu ambamo visa vitatungwa na watu asiowajua, katika vyumba asivyoviona.

Michezo hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa vita wa Reisswitz, uliowafundisha maofisa kupigana juu ya ramani mbele ya mwamuzi. Mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi wa hadithi za sayansi, alitoa kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa sanamu sakafuni. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapa mchezo wa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza, na humo mchezaji aliacha kuwa jemadari wa kikosi akawa mtu mmoja, mwenye jina, nguvu na udhaifu wake. Ulimwengu wa mchezo huo ulikuwa wa mapango, wachawi na majoka. Swali lililobaki lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, yawezekana kufanya vivyo hivyo katika ulimwengu wa wakati ujao, penye mashine badala ya uchawi?

Marc Miller alizaliwa mwaka 1947. Alisoma elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akalitumikia jeshi la nchi yake, akafika Vietnam. Aliporudi katika maisha ya kiraia alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, mjini Normal, akakutana na vijana waliopenda michezo ya vita kama yeye, miongoni mwao Frank Chadwick na Rich Banner. Chuoni hapo waliendesha mradi wa kutengeneza michezo ya kufundishia, ili mwanafunzi ayaelewe mambo ya historia na siasa kwa kuyatenda. Mradi haukudumu, lakini waliokuwamo walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mchezo waweza kubeba elimu, nao hawakutaka kuiacha kazi hiyo.

Tarehe 22 Juni 1973 walianzisha shirika lao wenyewe, Game Designers' Workshop, yaani karakana ya watunzi wa michezo. Jina hilo lilikuwa la kweli. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao wala mwenye mali wa kuwaamrisha. Watunzi ndio waliokuwa wachapaji, wauzaji na wafungaji wa vifurushi. Mchezo wao wa kwanza ulihusu vita vya Wajerumani na Warusi. Mwaka huo huo wa 1973 Miller na John Harshman walitoa Triplanetary, mchezo wa merikebu za angani, ambamo chombo kilichokwisha kushika mwendo hakisimami mpaka kitumie nguvu nyingine kujizuia, kama sheria ya maumbile isemavyo. Hapo tayari yaonekana tabia ya Miller: hakuwa mtu wa kuiacha anga iwe bahari ya ndoto tu, alitaka iwe na sheria zake, na mwenye kuingia humo azitii.

Msafiri ulitoka mwezi Julai 1977. Ulikuwa sanduku dogo lenye vitabu vitatu vyembamba, kila kimoja kisichofikia kurasa 50, vyenye jalada jeusi na mstari mwekundu. Hapakuwa na picha ya joka wala ya askari mwenye upanga wa moto. Juu ya sanduku palikuwa na maneno machache ya nahodha wa chombo cha biashara kiitwacho Beowulf, akiomba msaada gizani. Kitabu cha kwanza kilihusu watu na mapigano, cha pili vyombo vya angani, cha tatu walimwengu na safari. Filamu ya Star Wars ilikuwa imetoka mwezi Mei mwaka huo huo, na wengi walidhani mchezo umeifuata filamu. Muda wa miezi miwili hautoshi kwa kazi kama hiyo, na asili zake ni nyingine: ni riwaya za Isaac Asimov, H. Beam Piper, Poul Anderson, na hasa E. C. Tubb, aliyeanza mwaka 1967 kuandika habari za msafiri mmoja fukara atafutaye dunia yake iliyopotea.

Sasa tuitazame mipaka aliyoiweka Miller. Nitataja mitatu, maana katika hiyo mitatu mchezo wote umesimama.

Mpaka wa kwanza ni umri. Katika mchezo wa 1974 mtu huanza akiwa kijana asiyejua kitu, na safari humpa nguvu. Miller aligeuza. Kwake mtu huanza akiwa na miaka 18, na kabla mchezo haujaanza mchezaji hupitia maisha yake yote ya nyuma. Huomba kuingia katika jeshi la wanamaji, askari wa miguu, wapelelezi, wafanya biashara au kazi nyingine. Akikataliwa, aweza kuchukuliwa kwa lazima mahali asipopataka. Kila muhula ni miaka minne, na kila muhula humpa ujuzi kidogo. Lakini katika kila muhula hurusha dadu kuona kama amesalimika, na kwa kanuni za 1977 asiposalimika amekufa, naye mchezaji huanza upya. Akifika miaka 34, uzee huanza kumdai: nguvu hupungua, wepesi hupungua. Basi hilo ndilo swali la kila muhula: nibaki nijifunze zaidi, au nitoke nikingali mzima?

Mwaka mmoja nilileta dadu mbili darasani, nikawaambia wanafunzi watengeneze kila mmoja mtu wake kwa kanuni hizo. Walicheka mwanzoni. Mwanafunzi mmoja mpole, aliyekuwa amempa mtu wake jina la babu yake, alimpeleka katika wapelelezi, kazi yenye hatari kuliko nyingine, kwa muhula wa tatu. Dadu zikaanguka vibaya. Darasa lilinyamaza, naye akauliza, "Mwalimu, sasa miaka yake yote ile inakwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini tangu siku hiyo sikupata tena shida ya kuwaeleza kwa nini mhusika katika riwaya lazima awe na jambo la kupoteza.

Yafaa kukumbuka kwamba kanuni hiyo iliandikwa na mtu aliyerudi kutoka vitani, katika nchi iliyojaa vijana waliorudi kutoka vita hivyo hivyo. Sidai kwamba Miller alikuwa akiandika habari za nafsi yake. Lakini watu wa mchezo wake, mara nyingi, ni askari waliomaliza utumishi, wenye miaka zaidi ya thelathini, wenye ujuzi ambao dunia ya amani haina haja nao, na malipo madogo ya kuagana. Wao si mashujaa wanaokwenda kuokoa ufalme. Ni watu wanaotafuta kazi. Katika hadithi za anga za siku zile, huo ulikuwa uso mpya.

Mpaka wa pili ni habari. Chombo cha Msafiri huruka kutoka nyota hata nyota kwa mruko wa kiasi cha juma moja, na katika mruko mmoja hakipiti parseki sita. Vyombo vya kawaida hupita parseki moja au mbili tu. Parseki ni mwendo wa nuru kwa miaka mitatu na robo hivi. Jambo hilo peke yake si geni. Jambo geni ni kwamba Miller alikataza njia nyingine yoyote ya kupeleka habari. Hapana simu ya kuvuka nyota. Habari hufika chombo kinapofika, wala si kabla yake. Kwa sheria hiyo moja alirudisha ulimwengu wa mashine katika hali ya karne ya 18. Mfalme aliye mbali hajui maasi mpaka miezi imepita; liwali wa mpakani lazima aamue peke yake; mwenye bidhaa hubahatisha bei ya sokoni. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Mpaka waya wa baharini ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, Unguja ilingoja habari za ng'ambo zije na vyombo, na nahodha aliyetia nanga alikuwa ndiye gazeti.

Tutazame faida ya mpaka huo kwa utunzi. Kama wachezaji wangeweza kupiga simu makao makuu, kila tatizo lingetatuliwa na mwingine. Kwa kuwa hawawezi, wao ndio wenye uamuzi, nao ndio wenye lawama. Miller hakuandika mahali popote kwamba mchezaji awe jasiri. Aliondoa simu tu, na ujasiri ukawa wa lazima.

Mpaka wa tatu ni deni. Mtu aliyetumika katika merikebu za biashara aweza kutoka na chombo chake mwenyewe, lakini hutoka nacho pamoja na rehani. Kanuni yasema hivi: mkopo hulipwa kila mwezi sehemu moja kwa 240 ya bei ya chombo, kwa miezi 480, yaani miaka 40. Chombo kidogo cha biashara cha tani 200 bei yake ni krediti 37,080,000. Basi kila mwezi mwenyewe hudaiwa krediti 154,500, mbali na mafuta, mishahara na matengenezo. Mapato yake ni krediti 1,000 kwa kila tani ya shehena, 10,000 kwa abiria wa daraja la juu, 8,000 kwa wa daraja la kati, na 1,000 kwa maskini anayesafirishwa katika usingizi wa baridi, ambaye hana hakika ya kuamka. Wala haikusahauliwa tabia ya wanadamu: abiria hao wa usingizini hucheza bahati nasibu juu ya idadi ya watakaosalimika njiani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na katika mchezo huu dawa hiyo ndiyo chanzo cha kila kisa. Biashara ya halali hailipi sawasawa. Mwezi unakwisha, benki yangoja, na mgeni mmoja bandarini ana sanduku asilotaka lifunguliwe na forodha, naye atalipa vizuri. Msimamizi hana haja ya kubuni pepo wala joka ili wachezaji waingie hatarini. Hesabu ya mwisho wa mwezi imekwisha kuwasukuma. Nimesoma tamthilia nyingi zenye misukumo dhaifu kuliko huo.

Zaidi ya mipaka hiyo, kitabu cha tatu kilimpa msimamizi njia ya kuumba walimwengu kwa dadu. Kwa mirusho michache hupatikana ubora wa bandari, ukubwa wa dunia, hewa yake, maji yake, wingi wa watu, aina ya serikali, ukali wa sheria na daraja ya ufundi. Yote huandikwa katika mstari mmoja wa herufi na tarakimu, kwa hesabu inayokwenda hata 15 kwa alama moja. Mstari huo ni mkavu kama hati ya forodha. Lakini tuseme umetoa dunia isiyo na hewa, yenye watu mabilioni na sheria kali kupita kiasi: mara moja akili yauliza watu hao wanavutaje pumzi, nani ashikaye mfereji wa hewa, na sheria ile yakataza nini. Hapo dadu zimeuliza swali, na binadamu ndiye atakayejibu. Miller aliwaachia wachezaji nafasi kubwa ya namna hiyo. Vitabu vile vya kwanza havikuwa na dola iliyokamilika wala tarikhi. Dola ile iliyopata umaarufu baadaye, yenye walimwengu 11,000, ilijengwa kidogo kidogo katika vitabu vilivyofuata kuanzia mwaka 1978, na katika jarida lililoanza mwaka 1979 chini ya uhariri wa Loren Wiseman.

Haitakuwa haki kusifu bila kutaja kasoro. Kanuni ya kifo kabla ya mchezo iliwachosha wengi, na toleo la 1981 liliruhusu badala yake mtu ajeruhiwe na kutolewa kazini. Pia kompyuta ndogo kabisa ya chombo cha angani ilikadiriwa kuchukua nafasi ya tani moja nzima, na leo kijana mwenye simu mfukoni huisoma kanuni hiyo akacheka. Kicheko hicho kina somo. Mtu aandikaye habari za miaka elfu ijayo huandika kwa vifaa vilivyo mezani pake, na mwanahistoria atakaye kujua mwaka 1977 ulivyozifikiri mashine atapata ushahidi mzuri humo.

Sasa tuje kwenye uhuru wenyewe, na gharama yake. Karakana ile ilifanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Kwa hesabu yao wenyewe, kwa miaka 22 walitoa kitu kipya kila siku 22 kwa wastani. Mchezo ulibadilishwa mwaka 1987, ukabadilishwa tena mwaka 1993, na mara hii ya pili dola iliyopendwa na wachezaji ilivunjwa ili kuanza zama mpya, jambo lililowagawa wapenzi wake. Mwaka 1992 shirika lilishtakiwa mahakamani na kampuni kubwa iliyomiliki Dungeons & Dragons, kwa sababu ya mchezo mpya wa Gygax ambao karakana iliuchapa; shauri lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 1994. Wakati huo huo michezo ya karata za kukusanya, iliyoanza kuvuma mwaka 1993, ilivuta fedha za wanunuzi. Mwaka 1996 karakana ikafungwa.

Katika mambo ya namna hii mara nyingi mtunzi hupotea pamoja na shirika, na kazi yake huuzwa kwa mtu asiyeijua. Haikuwa hivyo hapa. Haki za Msafiri zilimrudia Miller, naye akazitunza kwa jina la shirika lake dogo, Far Future Enterprises. Alivichapa upya vitabu vya zamani ili visipotee, na akawapa wengine ruhusa ya kutunga juu ya msingi wake: Steve Jackson Games mwaka 1998, QuikLink mwaka 2002, Mongoose Publishing ya Uingereza mwaka 2008. Mwaka 2012 aliwaendea wachezaji wenyewe akaomba wachangie kitabu chake kipya kabla hakijachapwa, wakatoa zaidi ya dola 290,000. Kitabu hicho, Traveller5, kilitoka mwaka 2013 kikiwa na kurasa zaidi ya 600. Wengi walikilalamikia kwa makosa yake na uzito wake, na mimi nakubaliana nao. Vitabu vile vitatu vyembamba vilisema mengi kwa machache. Lakini michango ile haikuwa bei ya kitabu kimoja tu. Ilikuwa shukrani ya watu waliokuwa wamepewa ulimwengu miaka 35 kabla, wakausafiri.

Husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Miller alicheza kwake, katika mji mdogo wa Illinois, akatunzwa na watu wa mbali. Hakupata hayo kwa kuwa na mawazo mengi kuliko wenzake, maana mambo ya vyombo vya angani, dola kubwa na bunduki za nuru yalikuwa ya wote. Alichowazidi ni kujua la kukataza. Alikataza ujana usiokwisha, akakataza habari isiyo na mchukuzi, akakataza chombo kisicho na deni. Na katika nafasi iliyobaki watu wakakuta mfano wa maisha yao. Mwanafunzi atakaye kutunga, iwe riwaya, tamthilia au mchezo wa mezani, na aanze hapo: kabla hajauliza wahusika wake waweza nini, aulize hawawezi nini, na kila jambo litawagharimu miaka mingapi.